Kompyuta Inapozimika Ghafla: Daftari Kwanza, Bisibisi Baadaye

Ikungi ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida, na wilaya yake ilianzishwa mwaka 2012. Watu wake wengi ni wakulima wa alizeti na mtama, na wafugaji. Lakini ukipita leo mbele ya maduka utaona kazi ambayo babu zetu hawakuijua. Ni steshenari: chumba chenye meza, kompyuta na mashine ya kuchapa. Hapo mzazi huja kuombewa cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake. Hapo kijana aliyemaliza kidato cha sita hujaza maombi ya mkopo wa masomo. Hapo katibu wa kikundi huleta muhtasari wa mkutano upigwe chapa.

Si kompyuta zote za namna hiyo zilizotoka kiwandani zikiwa kamili. Vijana wenye mikono ya ufundi hununua vipande kimoja kimoja, aghalabu Kariakoo mjini Dar es Salaam, wakaviunga wenyewe nyumbani. Hilo ni jambo la kusifiwa. Yafaa tukumbuke kwamba kompyuta ya kwanza katika Tanzania, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku iliyokuja kulegezwa baadaye. Kitu kilichokuwa mali ya ofisi kubwa tu, leo kijana wa Ikungi akifunga kwa bisibisi yake mwenyewe.

Lakini kazi ya mikono ina mitihani yake. Tuchukue mfano. Baba ameuza magunia ya alizeti, akampa mwanawe fedha. Kijana ameiunga kompyuta yake, nayo yafanya kazi vizuri kwa majuma mawili. Kisha siku moja mteja ameketi, fomu imejazwa mpaka ukurasa wa mwisho, mara kompyuta yazimika. Kiwambo cheusi, feni kimya. Akiiwasha inawaka kama kwamba halikutokea neno. Kesho yake yazimika tena.

Hapo ndipo ugomvi huingia nyumbani. Baba asema fedha zimetupwa. Kijana amlaumu muuza duka. Mpita njia mmoja mwenye ujuzi kidogo atamka, "Madabodi imekufa, nunua nyingine." Basi huuzwa gunia jingine, hununuliwa madabodi nyingine, na kompyuta yazimika vilevile! Fedha zimekwenda mara mbili, na ugonjwa haujajulikana.

Msomaji, twataka kukuonyesha kwamba kompyuta haizimiki bure. Ama imenyimwa umeme, ama imejizima yenyewe ili isiungue. Wakati inapozimika ndio unaotaja sababu. Kwa hiyo dawa ya kwanza haiuzwi Kariakoo. Ni daftari na kalamu.

Andika kabla ya kufungua

Kila mara kompyuta inapozimika, andika mambo matano: siku na saa, ilikuwa imewaka kwa muda gani, ilikuwa ikifanya kazi gani, taa ya chumbani ilifanyaje, na joto lilikuwaje. Kazi hii haihitaji ujuzi wa kompyuta. Mama, dada, hata mtoto wa darasa la tano aweza kuiandika kijana asipokuwapo. Ukiwa na mistari mitano au sita, soma yote pamoja.

Andika pia namna ilivyozimika, maana namna ziko tatu, nazo hazifanani. Ya kwanza, yakatika ghafla na kukaa kimya; hapo shuku umeme au joto. Ya pili, yakatika na kujiwasha yenyewe. Hapo shuku hasa umeme uliopepesa. Ya tatu, yaonyesha kwanza kiwambo cha buluu chenye maandishi ya hitilafu; hapo shuku zaidi ramu, diski au programu.

Wenye kutumia Windows wataona katika kumbukumbu za mashine maneno "Kernel-Power" na namba 41. Wengi huyaona wakafikiri wamepata jibu. La. Namba 41 husema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Ni tangazo la msiba, wala si jina la ugonjwa. Faida yake ni kwamba hukutajia saa kamili, nayo hiyo iandike katika daftari.

Umeme unaoingia nyumbani

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, na mkondo wake hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, au yenye majirani wengi kwenye transfoma moja, yaweza kupata pungufu, hasa jioni watu wote wanapowasha vyombo vyao.

Tena iko mashine ya kukamua alizeti. Mota kubwa ya namna hiyo, inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara tano hadi saba kuliko inavyovuta ikiwa imekwisha kushika mwendo. Kwa muda mfupi volti huanguka kwa wote walio kwenye laini ile. Taa hufifia kama kufumba na kufumbua. Mtu hajali, lakini kompyuta yajali sana. Kifaa chake cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kimeundwa kuvumilia kukosa umeme kwa muda wa sehemu 16 au 17 hivi za elfu moja ya sekunde. Zaidi ya hapo hutoa ishara kwa madabodi, na kazi yote husimama. Mashine ya kusaga na ya kuchomelea vyuma huweza kuleta taabu hiyohiyo.

Basi tuseme daftari la kijana wetu lasomeka hivi:

Jumatatu, saa 4 asubuhi. Nilikuwa nachapa barua. Taa ilififia.
Jumatano, saa 4 na dakika 10 asubuhi. Haikuwa na kazi yoyote. Taa ilififia.
Ijumaa, saa 9 alasiri. Mteja anajaza fomu. Taa ilififia, mashine ya jirani ikasikika inaanza.
Jumapili, mashine haikufanya kazi. Kompyuta iliwaka kutwa bila kuzimika.

Je, yahitajiwa madabodi mpya hapo? Hata kidogo! Ugonjwa umejitaja wenyewe. Kijana huyu anahitaji UPS nzima yenye kurekebisha volti, tena aripoti TANESCO kwamba umeme wake unaanguka. Na kama jirani ni mwema, wapatane saa za kuwasha mashine.

Lakini angalia: UPS nayo yaweza kuwa mwizi. Betri yake huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na mahali penye joto huchoka mapema. UPS yenye betri mfu, umeme ukipepesa kidogo tu, hukata kabisa badala ya kuokoa. Kwa hiyo jaribu kuchomeka kompyuta moja kwa moja ukutani kwa siku mbili, pasipo UPS wala ekstensheni. Ikiacha kuzimika, umempata mkosaji. Wenye kutumia nguvu ya jua wajue pia kwamba baadhi ya inveta za bei nafuu hutoa umeme usio laini, na pawa saplai nyingine huukataa.

Pawa saplai yenyewe

Kifaa hiki hugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kanuni za ATX, zilizoanzishwa na Intel mwaka 1995, hutaka volti 12 isipungue 11.4 wala kuzidi 12.6. Ikitoka nje ya mipaka, kompyuta yaweza kuzimika.

Dalili ya pawa saplai dhaifu ni hii: kompyuta hukaa vizuri ukiandika barua, lakini huzimika ukianzisha kazi nzito, kama vile mchezo wenye picha au kutengeneza video. Hapo piga hesabu. Kadi ya michoro ya GeForce RTX 3060 huhesabiwa wati 170 peke yake. RTX 4090 huhesabiwa wati 450. Ongeza prosesa, yaani kipande kinachofanya hesabu zote, ambayo yaweza kula wati 65 hadi zaidi ya 200. Ongeza diski, feni na vinginevyo. Tena kadi hizo huvuta kwa kushtukia: kwa kitambo kidogo mno huvuta zaidi sana ya wastani wake. Ndiyo sababu kanuni za ATX 3.0 za mwaka 2022 ziliwataka watengenezaji wafanye pawa saplai zenye kustahimili mishtuko hiyo.

Usiamini namba kubwa iliyoandikwa nje ya kasha. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni, mahali palipoandikwa 12V, uone amperi ngapi, kisha zidisha kwa 12. Mathalani, pawa saplai yajigamba kuwa ni ya wati 500, lakini kwenye 12V pameandikwa amperi 18. Mara 12 ni wati 216 tu! Hizo ndizo wati zitakazolisha prosesa na kadi. Soma pia umeme inaoutaka: nyingi huandikwa volti 100 mpaka 240, lakini nyingine 200 mpaka 240 tu. Hizi za pili hazifai mahali ambapo volti huanguka jioni.

Kadhalika tazama kapasita, yaani vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya madabodi. Vichwa vyake vyapasa kuwa bapa. Vikiwa vimevimba au kuvuja uchafu wa rangi ya udongo, vimeharibika. Miaka ya mwanzo ya 2000 ugonjwa huo ulienea duniani, hata kampuni kubwa kama Dell ikaingia gharama ya mamia ya mamilioni ya dola. Anayenunua vipande vilivyokwisha kutumika avikague kabla ya kutoa fedha.

Onyo: usifungue kasha la pawa saplai yenyewe. Ndani yake hukaa umeme wa zaidi ya volti 300, nao hubaki kwa muda hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Umeme huo waweza kuua.

Joto na vumbi

Singida ipo juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo zaidi ya ilivyo kawaida ya pwani kwa shida. Lakini adui mkubwa ni vumbi. Wakati wa kiangazi upepo wa Singida huvuma kwa nguvu, mashamba yakiwa matupu, na vumbi jekundu huingia kila tundu. Kompyuta huvuta hewa mchana kutwa, kwa hiyo huvuta na vumbi. Baada ya miezi michache mapezi ya chuma yaliyo juu ya prosesa hujaa kama blanketi.

Prosesa za siku hizi zina akili ya kujilinda. Zikifika karibu na nyuzi 90 au 100, kwa kadiri ya aina yake, hupunguza mwendo kwanza. Joto likizidi, hujizima. Basi dalili ni hizi: huzimika mchana, si asubuhi; huzimika baada ya nusu saa au saa moja ya kazi; kabla ya kuzimika huwa nzito na feni hulia; tena ukiiwasha papo hapo huzimika upesi zaidi, lakini ikipumzika hukaa muda.

Programu kama HWMonitor huonyesha nyuzi za joto. Ikipumzika, nyuzi 40 hadi 50 si neno baya. Ikifanya kazi ngumu, 70 hadi 80 yavumilika. Ikipanda upesi mpaka 90 na zaidi, tafuta sababu.

Na sababu, kwa kompyuta iliyoungwa nyumbani, mara nyingi ni hizi. Chombo cha kupoza hakikukazwa sawasawa, kikalala upande. Au pesti, yaani ile dawa ya kijivu ifananayo na dawa ya meno ipakwayo kati ya prosesa na chombo hicho, imekauka au haikupakwa. Au karatasi laini ya plastiki iliyobandikwa chini ya chombo kipya haikubanduliwa. Au feni imefungwa nyuma mbele.

Kusafisha ni rahisi. Chomoa waya, toa kasha nje ya nyumba, tumia brashi laini ya rangi na pampu ya baiskeli. Shika feni kwa kidole isizunguke. Usitumie kitambaa chenye maji. Kisha weka kompyuta juu ya meza, si sakafuni, wala usiisukume ukutani. Na akina mama watusamehe: kile kitambaa cha kufuma kinachopendeza juu ya redio, kwenye kompyuta huziba matundu ya hewa.

Makosa ya kuunga

Kama kompyuta ilianza kuzimika tangu siku ya kwanza, tazama mikono ya aliyeiunga. Madabodi haipaswi kugusa bati la kasha. Husimama juu ya vijiti vifupi vya shaba. Kijiti kimoja kikiwekwa mahali pasipo na tundu, au skrubu ikiangukia nyuma, umeme hupita njia isiyo yake, na pawa saplai hukata ili kuzuia moto.

Kandamiza tena plagi zote: ile kubwa ya pini 24, na ile ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Plagi iliyoingia nusu hufanya kazi mpaka meza itikiswe.

Na kama yazimika kila mara sekunde nne au tano tangu kuwashwa, chunguza kitufe cha kuwashia. Kitufe hicho kikishikiliwa kwa muda wa sekunde nne hivi huzima kompyuta kwa nguvu. Kikinasa ndani, kompyuta hudhani umekishikilia wewe! Chomoa waya wake mwembamba kwenye madabodi baada ya kuwasha, uone kama itakaa.

Fuata utaratibu huu

Anza na yasiyo na gharama, umalize na yenye gharama. Badili jambo moja tu kila mara, kisha ngoja siku mbili au tatu na kuandika. Ukibadili mambo matatu kwa siku moja na kompyuta ikapona, hutajua kilichoiponya.

1. Andika daftari mpaka upate mistari mitano.
2. Chomeka moja kwa moja ukutani, au peleka kompyuta kwa rafiki aliye kwenye laini nyingine ya umeme. Ikikaa huko siku mbili bila kuzimika, kosa ni la umeme wa nyumbani.
3. Safisha vumbi, pima joto, paka pesti mpya.
4. Kandamiza plagi, kagua skrubu na kitufe.
5. Punguza vipande: toa kadi ya michoro kama madabodi na prosesa zaweza kuonyesha picha bila hiyo, acha ramu moja tu. Ikipona, rudisha kimoja kimoja.
6. Azima pawa saplai unayoijua kuwa nzima, ujaribu kabla ya kununua.
7. Hapo tu, kama yote yameshindikana, shuku madabodi.

Betri ndogo kama sarafu iliyo kwenye madabodi, ambayo wengi hukimbilia kuibadili, kazi yake ni kutunza saa na mipangilio wakati mashine imezimwa. Ni nadra sana kuwa ndiyo inayoizima.

Neno kwa wazazi na vijana

Mzazi, kijana aliyeunga kompyuta ikazimika si mpotevu. Ameingia katika kazi ambayo hata mafundi wa viwandani huikosea. Badala ya kuuliza, "Fedha zangu ziko wapi?" muulize, "Imezimika saa ngapi, na taa ilifanyaje?" Swali hilo litamsaidia zaidi ya karipio.

Nawe kijana, kumbuka kwamba mteja wako amekuja na fomu yenye tarehe ya mwisho. Kompyuta yako ikizimika usiku wa siku hiyo, yeye ndiye atakayekosa nafasi ya masomo kwa mwaka mzima. Basi mpaka umpate mkosaji, hifadhi kazi kila baada ya dakika chache, weka nakala kwenye flashi, na usiahidi kazi ya haraka usiyoweza kuimaliza. Radi ikianza wakati wa masika, chomoa waya zote ukutani, pamoja na wa intaneti.

Mafundi wa mjini Singida wapo, nao wafaa kuendewa. Lakini nenda kwao na daftari lako mkononi. Fundi mwema atalisoma kwanza, kisha atajua pa kuanzia. Akilikataa bila kulitazama na kukuambia ununue madabodi, mshukuru, kisha umtafute mwingine.